Hesabu Nyuma ya Kalenda

Machi umechanika, nimeugeuza.
Nyuma yake kuna weupe wa kutosha hesabu.
Aikande amelala. Soksi zake nyeupe
zinaning'inia dirishani, upande wa mlima,
ingawa mlima leo umejifunika hadi kidevuni.

Naandika: mimi, mhudumu wa wodi, laki mbili na arobaini.
Toa kodi ya chumba, nusu yangu, hapa Pasua.
Toa mkaa. Toa rambirambi ya kwa Mama Ndeoya,
maana msiba hausubiri tarehe ya mshahara.
Toa sabuni ya kuondoa ile harufu
inayonifuata nyumbani kama mgeni asiyebisha hodi.

Naandika: muuguzi mwenye cheti, laki nne na nusu,
ikiwa kuna nafasi.
Hiyo *ikiwa* naipigia mstari mara mbili.
Ikiwa ndiyo iliyolala kwenye godoro lile pale:
ina cheti, ina leseni ya baraza,
ina miaka miwili ya kujitolea na posho ya kubahatisha,
na asubuhi iliniomba nauli.

Wodini yeye huchoma sindano, mimi hushika mguu.
Yeye huandika kwenye faili, *mgonjwa amepata choo*.
Choo chenyewe nakijua mimi, rangi yake, uzito wake,
na njia nzima ya kwenda kukimwaga.
Lakini bibi wa kitanda cha saba akiita, "Nesi, nigeuze,"
tunageuka wote wawili.
Mgongo wenye kidonda hausomi vyeti.

Matroni aliniambia karibu na sinki:
"Nakijwa, una mkono wa kuuguza. Nenda shule,
usizeeke na mabeseni."
Nikasema asante. Sikumuuliza ada ataibeba nani.
Matokeo yangu ya kidato cha nne yako Same, kwa mama,
ndani ya sanduku, chini ya kitenge alichosema azikwe nacho.
Biolojia C. Kemia D, ile D ya kuponea.
Kuyachukua, lazima kwanza ninyanyue sanda ya mama.

Naandika: ada, mara mbili. Sare. Viatu. Chakula.
Miaka miwili bila laki mbili na arobaini.
Penseli imekatika ncha, nimeichonga kwa meno.

Jana simu ilipigwa kutoka Shanty Town.
Kuna mzee amepooza upande, watoto wako Kanada,
wanataka mtu wa kukaa naye usiku na mchana.
Laki tatu na nusu, kula na kulala juu yao.
"Ila tunataka mhudumu tu," mama yule akasema,
"muuguzi atatuletea mambo ya viwango."

Aikande alikaa kitako kwenye ndoo, kimya,
kisha akafungua begi, akatoa cheti chake
kilichowekewa plastiki pale Double Road,
akakisukuma chini ya godoro langu.
"Nifundishe," akasema, "mhudumu anatembeaje?"

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Halafu nikasimama, kwa sababu alikuwa anangoja kweli.
Nikalala kitandani, nikajifanya mzee mzito.
"Usinivute mkono, utaung'oa. Nyonga kwanza. Kunja goti.
Niambie unachofanya kabla hujakifanya.
Na usiseme *mgonjwa*. Sema babu."
Akanigeuza. Alikuwa na mikono ya baridi,
mikono ya mtu aliyezoea kugusa kwa glavu.

Sasa ni saa nane. Kesho anaondoka na begi dogo.
Mimi nalalia cheti cha mtu mwingine,
na kinakwaruza kila nikijigeuza.

"Unaandika nini?" anauliza, macho yamefumba.
"Kalenda."
"Hiyo ni Machi. Imeshapita."
"Najua," namwambia,
na kwenye kona iliyobaki naandika jina la chuo.
Mwaka sijauandika.