Mtu wa Pili

Steshenari ya Chilumba, Newala,
matope ya Januari yamefika kizingitini.
Kijana ananiuliza bila kuinua macho:
"Mama, leseni ya halmashauri, au kampuni kabisa?"

Ya halmashauri naijua.
Karani ni mtoto wa Asumini,
ada ndogo, jina langu peke yangu,
na unga wangu wa muhogo utaishia Kitangari;
ukijitutumua sana, Masasi.

Kampuni inavuka Rufiji.
Lakini ina katiba, ina hesabu za kila mwaka,
na kile kisanduku chekundu kisichokubali kuachwa wazi:
mkurugenzi wa pili.

Nani?
Na Fadina tumenuniana tangu arobaini ya mama,
sababu kinu. Kinu tu!
Yeye alichukua kinu, mimi nikaondoka na mchi.

Mtandao umekata. Kijana anapiga miayo.
Nimetoka barazani;
ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
hata ng'ambo haionekani.
Nampigia. Inaita, inaita.

"Kitambulisho chako cha taifa," namwambia,
salamu nimeisahau,
"nisomee namba. Polepole."

Kimya.
Kisha nasikia kabati likifunguliwa.