Fikra Tunduizi, Muhula wa Kwanza

Chumba namba kumi na nne, chuo cha ufundi, Sudbury.
Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ndani, meza tulizoachiwa na wanafunzi wa kuchomelea,
zingali na alama za cheche.
Nilijiandikisha kwa sababu darasa la keki lilijaa.
Sikuja kutafuta hekima, wala sikuahidiwa.

Bi Quesnel alivua glavu moja, akashika chaki;
ya pili aliisahau mkononi hadi mapumziko.
Akaandika:
Kila samaki ana gitaa.
Mjomba wangu ni samaki.
Basi mjomba wangu ana gitaa.
“Hoja hii,” akasema, “ni halali kabisa.”
Tukacheka. Yeye hakucheka.
“Uhalali ni mifupa tu.
Mifupa husimama bila nyama;
nendeni makumbusho mkaone.”

Wiki hiyo nikawa balaa nyumbani.
Mama akisema, Kila mtu anajua,
namuuliza, Kila mtu yupi?
Kaka akisema, Uje nasi, la sivyo hutupendi,
nauliza njia ya tatu imepotelea wapi.
Mpaka mama akaweka mwiko chini:
“Na mimi nina hoja. Sahani zako hazijaoshwa.”
Nilitafuta dosari. Sikuiona.

Jumanne ya tano tulifika mahali
ambapo jana humtolea kesho ushahidi:
jua limechomoza juzi, limechomoza jana, kwa hiyo.
Aulis Kantola akainua mkono,
miaka sabini na mmoja, sikio moja linalosikia.
Tangu muhula uanze hakuwa amesema neno.

“Mwamba wa ngazi ya sita ulinyamaza miaka thelathini.
Msimamizi akasema: umenyamaza, utanyamaza.
Tukashuka. Hoja tuliielewa, ilikuwa nzuri.
Rauno alitangulia.”
Akaushusha mkono.
“Nataka kujua kosa lile linaitwaje.”

Chaki ikasimama hewani.
Jina lilikuwepo, ukurasa wa themanini na mbili;
nilikuwa nimelipigia mstari wa kijani.
Sote tulikuwa nalo kinywani kama kipande cha barafu
na hakuna aliyethubutu kulitema.
Kimya kingi. Wote tulijua kina nini.

“Jina nitakupa,” Bi Quesnel akasema,
“lakini kwanza niambie, Bwana Kantola:
aliyeitoa hoja hiyo,
alikuwa amesimama wapi alipoitoa?”

Mzee akafikiri. Alifikiri kwelikweli,
akipapasa alama ya cheche kwa kidole gumba.
“Juu,” akasema.
“Alikuwa amesimama juu.”

Bi Quesnel akaandika ubaoni neno moja, juu,
akapiga mstari chini yake,
na hakufuta hadi tulipotoka.

Gari langu limewaka kila usiku tangu Novemba.
Nikaingiza ufunguo,
nikatulia kidogo,
nikasikiliza.