Kidole Kilichomenya Chungwa

Saa nane usiku. Maabara ina sauti moja tu,
ya jokofu la vitendanishi, linakohoa kama mvuta kiko.
Nimeshapitisha kontroli mbili, ya chini na ya juu,
zote zimekaa ndani ya mstari. Nimetia sahihi.
Nje mvua ya Tanga imeingia bila hodi,
inalipiga bati la stoo.

Mwenye hodi ni Nesi Eshe Singano, wodi ya wanawake,
mkononi kichupa cha kifuniko cha kijivu,
bado kina joto la mwenyewe.
"Nipimie hiki sasa hivi, Nakijwa.
Kijimashine cha kitandani kinasema kumi na tisa nukta nane.
Daktari kwenye simu ameniambia nimchome insulini."
"Basi mchome."
"Anatoka jasho. Shuka limelowa chapachapa.
Ananiita kwa jina la dada yake marehemu.
Sukari iliyopanda hailoweshi shuka hivi."

Nikanyamaza. Nikakipokea.
Nikakiweka kwenye mashine ya kuzungusha,
nikakipa mwenzake wa maji upande wa pili,
maana mashine hii haitaki mpweke:
ukiipa kichupa kimoja itatembea juu ya meza hadi ianguke.
Dakika tano. Chembe nyekundu zikazama,
utegili ukabaki juu, wa manjano,
kama chai ya mchaichai iliyochujwa mara mbili.

Sasa nikueleze, wewe usiyeijua kazi hii:
sukari ndani ya damu haionekani.
Tunaitilia kimeng'enya, nacho kinaila,
na katika kula kinaacha rangi,
na ile rangi tunaipitishia mwanga.
Mwanga ukikwama, sukari ni nyingi.

Mwanga haukukwama.
Ulipita kama mtu anayepita nyumba isiyo na watu.
Mbili nukta tatu.
Nikarudia.
Mbili nukta tatu.

Nilipokiinua kichupa nisome tena jina
ndipo pua ikapokea kile jicho lilichokosa:
lebo inanuka chungwa.
Ganda bichi la chungwa la Muheza,
lile lenye ukali wa kukufumbisha jicho.

"Eshe, huyu mgonjwa alikuwa anamenya machungwa?"
"Tangu magharibi. Mwanawe kaleta kapu zima.
Kaimenyea wodi yote, hata mimi kanipa.
Yeye hakutia kinywani hata pande moja.
Anasema kakatazwa vitamu."
"Na ulipomtoboa kidole?"
Akaangalia sakafu.
"Pamba kavu. Spiriti imekwisha tangu Jumanne."

Kijimashine hakikusema uongo.
Kiliulizwa kidole, kikajibu kidole.
Kumi na tisa nukta nane ilikuwa ya chungwa,
si ya Bi Mwanamvua wa Barabara ya Kumi na Tano,
aliyechomwa sindano yake ya jioni
akakaa na njaa kwa utiifu,
huku utamu wote umemganda kwenye ncha za vidole,
shibiri mbili kutoka kinywani.

Eshe hakungoja karatasi.
Nilisikia kandambili zake zikikimbia koridoni.

Nilipiga simu wodini hata hivyo, ndiyo kanuni:
namba ya hatari husomwa, hurudiwa na anayesikiliza,
na saa huandikwa.
Iliita sana. Aliyepokea ni mgonjwa wa kitanda cha pili.
"Nesi hawezi kuja, kashika dripu.
Lakini mwenyewe kaamka. Anagomba."
"Anagombea nini?"
"Anauliza nani kamtilia sukari kinywani,
na yeye kakatazwa."

Nilicheka peke yangu, halafu magoti yakalegea, nikakaa.
Ile sindano ya insulini ilikuwa imeshavutwa.
Eshe aliniambia baadaye: ilikuwa kwenye trei, kofia imefunguliwa.

Kitabuni nikaandika: saa nane na dakika thelathini na moja.
Glukosi, mbili nukta tatu, imerudiwa.
Kwenye safu ya "aliyepokea" kalamu ikasita,
nikaiacha wazi.
Nikavua glavu, nikanawa, nikanawa tena.
Mpaka alfajiri mikono ilinuka chungwa.