Tofauti ya Gramu Mia Tisa

Dukani Oulu, nyuma ya stesheni ya treni,
Heimo amezilaza mbili juu ya kitambaa cha kijani
kama daktari wa meno apangavyo vyuma vyake.
Hii nyeupe: milimita mia mbili hadi mia sita,
ukiivuta hairefuki, safari yote iko tumboni,
kilo mbili na gramu mia.
Hii nyeusi: mia hadi mia tano,
hutoa shingo kama kobe achunguliaye,
kilo moja na gramu mia mbili.

"Nyeupe inafika," asema Heimo. "Nyeusi inabebeka."
Kisha ananyamaza. Ni mtu ajuaye kunyamaza.

Mimi ni fundi wa mabasi,
miaka thelathini na mmoja chini ya injini,
bega la kulia lilishaniaga.
Uzito hausomwi kwenye karatasi ya kiwandani.
Husomwa baada ya saa tatu za kungoja,
mkono ukianza kusema peke yake.
Bei siitaji. Paa la sauna linavuja,
na Kerttu anajua linavuja wapi.

Heimo akaniazima zote, Ijumaa hadi Jumapili,
kwa sahihi, na kwa haya ya kujuana.

Machi. Theluji imeshika ganda
linalombeba mtu asubuhi na kumsaliti mchana.
Wako watu, nimesikia, bundi akitua paani humfukuza.
Sisi tulimfuata kilomita arobaini
na chupa ya kahawa,
mpaka shamba la Paavola, nguzo ya tatu ya uzio:
bundi wa kijivu, mkubwa kama mtoto aliyevikwa koti la babaye.

Nilianza na nyeupe, juu ya miguu yake mitatu.
Mia sita. Uso wake ukajaa kioo chote,
duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa,
na katikati macho mawili ya manjano
yasiyonidai kitu.
Nikahesabu manyoya ya kidevu.
Nikasema: basi, nimeoa.
Akaruka.
Nikabaki nalegeza skrubu,
na picha niliyopata ni ya nguzo.

Jioni, nyeusi. Nilimfuata hewani, bega halikulalamika,
mbawa zote mbili, hakuna ncha iliyokatwa,
lakini tundu lake ni jembamba na mwanga ulikuwa unakwenda zake:
picha ikatoka punje punje, kama uji wa shayiri
uliosahauliwa jikoni.

Nyeupe, basi. Nyeusi. Nyeupe.
Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, nadhani,
maana Kerttu alishusha kioo cha gari akasema,
"Nipe hiyo nyepesi."

Katikati ya macho ya Kerttu pana doa.
Tangu mwaka juzi huona kingo za dunia:
fremu ya mlango, si anayeingia.
Alikuja kwa ajili ya kahawa.
Akaweka kiwiko mlangoni, akageuza uso upande
kama asikilizaye jirani,
akaitafuta ile sehemu ya jicho iliyobaki,
akazungusha pete, taratibu, mbele, nyuma.

"Nimempata."
Kimya.
"Anatazama chini kwa masikio."

Nami sikuwa nimeliona hilo, na mia sita zangu.

Alibonyeza mara arobaini na tatu.
Arobaini na moja ni theluji.
Moja ni bawa, na kidole chake.
Moja sitaieleza.

Jumapili usiku alizipima kwenye mizani ya unga
ili ahakikishe kiwanda hakikudanganya.
Kilidanganya kidogo.

Jumatatu nikairudisha nyeupe ndani ya sanduku lake.
Heimo akanitazama mkono.
"Bega?"
"Bega," nikamjibu,
nikatoka upesi kabla hajauliza tena.
Kerttu alikuwa garini, kioo kimeshushwa,
ameielekeza nyeusi kwenye saa ya stesheni,
ananiambia tumechelewa dakika ngapi.