Upande wa Kushoto

Karatasi zililala mkekani, ukumbi wa skuli, Wete.
Mwalimu Shaame kaziwekea vijiwe feni isizipeperushe.
"Chagueni," akasema, "ila msichague kwa macho."
Sote tukachagua kwa macho.
Mikono sita ikagongana juu ya bibi harusi
kwa sababu ya gauni, tena gauni lenyewe la kuazima.
Raya akalipata, na siku tatu hakuzungumza lingine.

Mie nikamwokota Bi Nunu,
mkopeshaji wa mtaa, ashikaye rehani,
mwenye herini za watu ndani ya kopo la maziwa.
Hakuna aliyemtaka. Ana maneno machache,
na ukurasa wa nne pameandikwa:
Anahesabu. Haangalii mtu.
Nilimpendea hapo.

Wiki mbili hakuja.
Nikisema maneno yake yanatoka ya kwangu,
matamu, yenye kuomba radhi.
Mwalimu akanambia: "Time, unamchukia huyu mwanamke.
Nani aendaye asikotakiwa?"

Usiku nikatafuta mtu wa kumvisha Bi Nunu,
nikapita jamaa zangu mmoja mmoja
kama anayebonyeza mapapai sokoni,
nikasimama kwa shangazi Kazija.
Sikumwomba ruhusa. Mwizi hapigi hodi.
Nikachukua kile kikohozi kifupi
kinachotangulia neno "hapana",
nikachukua kidole kinavyofuta meza isiyo na vumbi,
na fundo la kanga anapoficha noti,
na pumzi anayoivuta mtu akitaja deni,
si kwa hasira,
kama aliyekanyaga mwiba ule ule wa zamani.

Ndipo Bi Nunu akaja. Akakaa.
Nikajua anachohesabu, wala si herini:
anahesabu waliokula kwake
na waliokuja kumzika mumewe,
na hesabu haijapata kulingana.
Hayo hayakuandikwa. Mwalimu sikumwambia.

Siku ya onyesho shangazi yuko safu ya mbele,
kiti cha plastiki, mkoba mapajani.
Nilipokohoa, ukumbi ukaangua kicheko.
Nilipofuta meza, wakazomea,
mtoto mmoja akapiga kelele, "Warejeshee vitu vyao!"
Mie miguu imekufa ganzi.
Yeye kacheka kuliko wote,
mpaka akatoa kitambaa, akafuta macho.

Ila ukurasa wa nne, nilipokuwa nahesabu,
niliangalia. Mwalimu alikataza, nikaangalia.
Kitambaa kimo ngumini. Hacheki.

Baadaye nje, karibu na jenereta,
bado nina mikunjo ya uzee niliyochorwa kwa wanja,
nikamwamkia, nikangojea.
Akanitazama toka utosini hadi kwenye champali.
"Umecheza," akasema. "Yule mama roho yake ngumu, maskini."
Kisha akaninyooshea mkono kiunoni,
akalifungua fundo la kanga,
akalihamisha, akalikaza mpaka nikashusha pumzi.

"Lakini mie," akasema, "hufunga kushoto."