Sifuri ya Saa Tatu

Skrini nyeusi. Hakuna picha, hakuna kitufe,
kishale tu kinapepesa kama jicho la mbuzi aliyeona pumba.
Nje, upepo wa Bahi unamwaga vumbi dirishani
kwa ukarimu ambao mawingu hayajatuonyesha tangu Aprili.

Nimetumwa kuifundisha mashine hii kuandika barua.
Moja kwa siku, saa tatu asubuhi, mvua ya jana, basi.
Naandika faili mstari kwa mstari, kama anayemwelekeza mgeni:
seva ni hii,
mlango ni mia tano themanini na saba
(ule wa ishirini na tano usiuguse,
matapeli waliupitia mno, umefungwa),
bahasha ifungwe kabla ya kuondoka,
jina la mtumaji, nywila.
Kisha ruhusa ya faili: sita, sifuri, sifuri.
Mwenyewe asome, mwenyewe aandike,
wengine wote, hata mkuu wa kituo, wasione kitu.

Najaribu.
Mashine inapiga hodi. Seva inaitika, inatoa cheti chake,
na mashine yangu, mshamba mwenye kiburi, inakikataa:
"Cheti hiki hakijaanza kutumika."

Nusu saa nzima nakagua nukta na nafasi.
Ndipo naiuliza, leo tarehe ngapi?
Inajibu bila haya: Januari mosi, elfu moja mia tisa na sabini.

Umeme ulikatika usiku. Betri ya saa yake, ndogo kama sarafu,
ilishakufa zamani, hivyo ikaamkia mwaka
ambao mama yangu bado anachunga ndama Chipanga
na Dodoma haijawa mji mkuu hata kwenye karatasi.
Itamwamini vipi mtu aliyetoka kesho?

Nairudisha leo kwa mkono, jicho kwenye simu.
Hodi. Karibu. Cheti kimepita.
Mjumbe hauawi, walisema wahenga;
hawakusema kwamba huulizwa nani kakutuma,
na akikosea herufi moja hurudishwa na barua yake.
Nilikosea herufi moja.
Niliandika O palipotakiwa sifuri.

Barua ya kwanza ikaondoka saa kumi na dakika nane alasiri:
Bahi. Mvua: 0.0

Nikaitazama, nikaona haya.
Kifurushi cha intaneti tunakichangia kwa mia mia,
halafu mimi natuma hewa?
Nikaongeza sharti, mstari mfupi, wa kijanja:
ikiwa mvua ni sifuri, nyamaza.

Nikitafuta pa kuweka kikombe
nikasogeza madaftari ya Ndahani, msoma mvua kabla yangu.
Moja likafunguka lenyewe. Julai, tisini na nne.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Kila moja na saa yake, kila moja na sahihi,
mkia wa N umevutwa kama mtu anayesaini hundi.
Tarehe tisa, pembeni, kwa penseli:
"Panzi ndani ya kopo. Nimemtoa."
Tarehe kumi na tano, hakuna kitu. Karatasi tupu.

Na utupu ule ndio ulionikaba.
Aliugua? Alikwenda kuzika?
Au ilinyesha, siku hiyo moja, na hakuna aliyejua?
Sifuri inasema: nilikwenda, nikachungulia, pakavu.
Ukimya hausemi lolote, hata ukavu.

Nikafuta sharti.

Kesho saa tatu nitakuwa kwenye foleni ya maji na ndoo zangu mbili.
Mashine itasoma kipimo, itapiga hodi yenyewe,
na huko Dodoma mjini mtu atafungua barua, atapiga miayo.
Apige.
Betri mpya nimeagiza, shilingi elfu mbili, inakuja na basi la Ijumaa.
Hadi ifike, kila umeme ukikatika
nitarudi hapa na tochi
kuitajia mashine mwaka.