Zamu ya Kizibao

Saa kumi na mbili asubuhi, Namsos, mwezi wa Aprili.
Theluji bado imejikunyata kwenye kona za uwanja
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimekuja na barua mfukoni.
Niliiandika usiku, wodini, wagonjwa wakiwa wamelala:
Kwa Uongozi wa Ligi ya Watoto.
Kwa nini kila Jumamosi timu ya binti yangu
icheze saa mbili, ilhali mimi
natoka zamu saa moja?

Uongozi nikaukuta umepiga magoti.
Umevaa taa kichwani, unafunga kamba kwenye kigingi.
Uongozi ulikuwa Oddvar, peke yake.
"Shika hapa," akasema. Jina hakuuliza.
Nikashika. Kamba ikakaza kati yetu,
naye akaja na kigari chake cha chokaa, polepole,
na nyuma yake mstari ukazaliwa,
mweupe kuliko ile theluji iliyochakaa.

Mwanawe ameshakuwa mtu mzima,
yuko Stavanger, anaendesha kreni.
Oddvar hana mtoto kwenye ligi hii, huu mwaka wa tisa.
Anazo tu funguo za stoo,
kwa sababu hajatokea wa kuzipokea.

Mfuko wa jezi huzunguka nyumba kwa nyumba:
jezi kumi na nne, soksi ishirini na saba.
Ya ishirini na nane hakuna aliyewahi kuiona.
Zikifuliwa kwangu zinanukia sabuni,
zikifuliwa kwa Tormod zinanuka samaki,
na watoto hushinda zaidi wakinuka samaki.
Ndivyo wanavyosema wao. Sisi wakubwa tumekatazwa
kuhesabu magoli ya watoto wa miaka minane;
hakuna jedwali, hakuna kombe.
Muulize Tuva wangu, kinywa kimejaa keki:
"Sita kwa tano, mama. Na moja iligonga goti la kipa."

Keki hizo ni zetu, za umbo la moyo.
Unga huja na ndoo, kwa baba yake Sindre,
na chuma kinachozichoma kina umri kuliko kocha.
Kocha ni Jorunn, daktari wa meno.
Danadana tatu hazimtoki.
Alikwenda maktaba, akaazima kitabu,
akarudi na koni sita na sauti ya upole.

Halafu kuna kizibao.
Cha njano, kikubwa kwa kila mtu.
Atakayekivaa asalimie wageni, ahesabu watoto,
na amwendee mzazi anayepiga kelele.

Mwaka jana mzazi huyo nilikuwa mimi.
Refa alikuwa na miaka kumi na minne na filimbi mpya.
Nilimpigia ukelele akavae miwani.
Alikuwa ameivaa.
Aliyenijia na kizibao ni Tormod, yule wa samaki.
Hakunikemea. Alinipa kikombe cha kahawa,
akasimama kando yangu, kimya, mpaka mapumziko.
Kahawa ile sijaimeza hadi leo.

Leo kizibao kiko kwangu.
Refa ni yule yule, amerefuka, miwani ni mingine.
Ananitazama kidogo kuliko ninavyostahili kutazamwa.
"Wavu wa kule umefungwa?"
"Umefungwa." Nimeufunga mwenyewe, vidole vikiwa na ganzi.

Dakika ya kumi na moja, ng'ambo ya pili,
baba mmoja wa timu ya wageni anapandwa na mori
kwa ajili ya mpira wa kurusha.
Mpira wa kurusha!
Namimina kahawa. Nauzunguka uwanja wote
nikiuruka mstari wetu, usije ukafutika.
Natia mkono mfukoni kutafuta sukari,
nagusa ile barua, imelowa chokaa,
na juu ya barua kitu kizito, baridi:
ufunguo wa stoo.

Sikumbuki nilikubali saa ngapi.